Namna ya kukusanya rekodi adimu za Wes Montgomery: mwongozo kwa anayeanza

Nianze na santuri ipi? Hii yenye bei ya kutisha ni ya mwaka ule kweli? Kwa nini nimenunua albamu mbili zenye majina tofauti, nikafika nyumbani nikakuta nyimbo ni zile zile? Kila anayependa gitaa la Wes Montgomery, yule Mmarekani wa jazi, na akaamua kutafuta zaidi ya zile albamu mbili tatu zinazojulikana, huja na maswali haya. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe: cha kufanya kwanza, cha kufuatia, na mahali ambapo watu huteleza.

Kabla ya yote shika hili, maana hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu yake: kusanya vikao, usikusanye majalada. Kikao ni siku fulani, mahali fulani, wanamuziki fulani wamekutana wakarekodi. Kikao hakibadiliki. Jalada hubadilika kila kampuni mpya inapopata haki ya kutoa rekodi, au inapojichukulia tu bila haki. Ukihesabu majalada, rekodi za Wes hazina mwisho. Ukihesabu vikao, ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye subira anaweza kuimaliza. Alianza kurekodi akiwa kiongozi wa kundi kwenye kampuni ya Riverside Oktoba 1959, na moyo wake ukasimama tarehe 15 Juni 1968 akiwa na miaka 45. Hata ukiongeza kanda za nyuma ya hapo, unashughulika na maisha mafupi ya kazi.

Andaa haya kwanza

- Daftari au jedwali kwenye kompyuta. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na ndicho wengi hawakianzishi mpaka wameshanunua vitu mara mbili.
- Diskografia ya Wes, yaani orodha ya rekodi zake, iliyopangwa kwa tarehe za kurekodi, si kwa tarehe za kutoka albamu. Hifadhidata ya Discogs itakusaidia kutambua chapa za santuri, yaani kila mara santuri ilipochapwa, lakini kwa tarehe za vikao tegemea diskografia.
- Hedifoni nzuri za waya. Utalinganisha rekodi mbili sekunde kwa sekunde, na spika za simu hazitakuonyesha tofauti.
- Kama utanunua santuri: mashine yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzito, sindano isiyochakaa, brashi ya nyuzi laini, na maji yaliyotoneshwa.
- Kompyuta yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, pamoja na diski mbili za nje za kuhifadhia.
- Kiasi cha fedha ulichojiwekea kwa mwezi. Kiandike. Mnada wa usiku wa manane hauna huruma kwa mtu asiye na kikomo.

Hatua ya 1: Chora ramani ya vikao

Gawa jedwali lako katika vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni kabla ya Riverside. Kati ya 1948 na 1950 Wes alikuwa kwenye bendi kubwa ya Lionel Hampton, kisha akarudi nyumbani Indianapolis, akifanya kazi kiwandani mchana na kupiga gitaa usiku. Humo mna kanda za klabu, kikao kilichosimamiwa na Quincy Jones mwaka 1955 kwa ajili ya lebo ya Epic, na kile cha tarehe 30 Desemba 1957 alichofanya na ndugu zake Buddy na Monk, ambamo utamsikia Freddie Hubbard akipuliza tarumbeta katika rekodi yake ya kwanza.

Kipindi cha pili ni Riverside, 1959 hadi 1963. Mpiga saksafoni Cannonball Adderley alimsikia Indianapolis, akaenda kumwambia Orrin Keepnews wa Riverside asimwache mtu huyu. Cha tatu ni Verve chini ya mtayarishaji Creed Taylor, kuanzia 1964. Cha nne ni A&M, 1967 na 1968, nyimbo za redio zenye fidla nyingi. Hicho cha nne hakina mengi ya kutafuta: albamu ya A Day in the Life iliuzwa kwa wingi sana na mpaka leo inapatikana kwa bei ya chini. Usimruhusu mtu akuuzie kama kitu adimu.

Kwa kila kikao andika tarehe, mji, mahali, wanamuziki wote na ala zao, nyimbo, na majalada yote ambamo kikao hicho kimewahi kutokea. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayookoa mfuko wako. Mfano: ukiona santuri mbili katika jalada moja zinazoitwa While We're Young, jedwali lako litakuambia papo hapo kwamba humo mna The Incredible Jazz Guitar ya 1960 na So Much Guitar ya 1961, hakuna kingine. Kama unazo hizo mbili, endelea na safari.

Tahadhari: usijaze pengo kwa kubahatisha. Kuna kanda ya tarehe 18 Januari 1959, Wes akipiga na watatu wa mpiga piano Eddie Higgins mjini Indianapolis, iliyotolewa mwaka 2016 kwa jina One Night in Indy. Mpiga besi hajulikani, na waliotoa wameandika hivyo hivyo kwamba hajulikani. Fuata mfano wao. Jina lililobahatishwa likishaingia kwenye jedwali moja, baada ya miaka michache utalikuta kwenye majedwali kumi.

Hatua ya 2: Amua unatafuta uadimu wa aina gani

Kuna uadimu wa sauti na uadimu wa kitu. Teki, yaani mpigo mmoja wa wimbo ulionaswa kikaoni, ambayo haikuwahi kutolewa, au kipindi cha redio cha 1965 kilichosikika mara moja hewani, huo ni uadimu wa sauti. Chapa ya kwanza ya The Incredible Jazz Guitar yenye kibandiko cha bluu ni uadimu wa kitu: muziki uliomo unaweza kuusikia leo popote, ila santuri yenyewe haipatikani kirahisi.

Mambo haya mawili yana bei tofauti kabisa. Uadimu wa sauti mara nyingi huhitaji muda na masikio. Uadimu wa kitu huhitaji fedha. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kushika sauti kwanza, kwa moyo wote, na kuacha chapa za kwanza mpaka utakapojua ni kikao gani kinakugusa kiasi cha kutaka kukishika mkononi kama kilivyotoka siku ile. Aliyeanza na chapa za kwanza huishia na santuri sita za gharama na hajawahi kusikia kanda za Indianapolis, ambako ndiko Wes alikojifunza kuwa Wes.

Hatua ya 3: Nunua kwanza vilivyotolewa kwa haki

Watu wengi hukimbilia kanda za kubadilishana wakati nusu ya kile wanachokitafuta kimeshatolewa rasmi, kikiwa na sauti safi na kijitabu cha maelezo. Kampuni ya Resonance ya Marekani imefanya kazi kubwa hapa, na imefanya kwa makubaliano na familia ya Wes. Haya ndiyo matoleo yake ya kuanza nayo:

Echoes of Indiana Avenue (2012) na Back on Indiana Avenue (2019) ni kanda za nyumbani Indianapolis kabla ya umaarufu. In the Beginning (2015) inaanzia 1949 mpaka 1958, na ndani yake kimo kile kikao cha Epic cha 1955. Smokin' in Seattle (2017) ni matangazo ya redio kutoka klabu ya Penthouse, Aprili 1966, Wes akiwa na watatu wa Wynton Kelly. In Paris (2018) nitaieleza peke yake. Maximum Swing (2023) ni matangazo kutoka klabu ya Half Note, New York, 1965. Isikilize kwa makini upande wa besi, maana mpiga besi anabadilika kutoka usiku mmoja hadi mwingine na ndivyo utakavyojifunza kutofautisha tarehe kwa sikio.

Kwa teki mbadala za Riverside, tafuta The Alternative Wes Montgomery ya lebo ya Milestone, au lile sanduku la CD 12 la mwaka 1992 lenye rekodi zote za Riverside. Sanduku hilo likipatikana kwa bei ya kueleweka, chukua. Linafunga pengo kubwa kwa mkupuo mmoja. Ule usiku wa tarehe 25 Juni 1962 katika klabu ya Tsubo, Berkeley, aliopiga na Johnny Griffin, Wynton Kelly, Paul Chambers na Jimmy Cobb, ndio ulioleta albamu ya Full House, umetolewa tena mwaka 2023 ukiwa na teki zake zote.

Hatua ya 4: Mfuate alikoalikwa

Hapa ndipo penye hazina ya bei nafuu, kwa sababu jina la Wes haliko mbele ya jalada na wauzaji hawapandishi bei kwa ajili yake. Tafuta Work Song ya Nat Adderley (1960), West Coast Blues ya Harold Land (1960), ile ya Cannonball Adderley and the Poll Winners (1960), A Good Git-Together ya mwimbaji Jon Hendricks (1959), na Kismet ya kundi la Mastersounds (1958), ambalo ndugu zake walikuwamo. Ongeza George Shearing and the Montgomery Brothers na Bags Meets Wes alizorekodi 1961, ingawa hizi mbili zinataja jina lake au la familia yake jaladani.

Work Song ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Humo hakuna anayemngoja Wes acharaze oktavu zake, yaani noti ile ile juu na chini kwa pamoja; anashika nafasi kati ya korneti na selo, na dole gumba lake, alilopigia waya, linasikika karibu, kavu, bila mapambo. Anayetaka kuelewa mkono ule ulifanyaje kazi aanzie hapo.

Hatua ya 5: Shughulikia 1965 kwa uangalifu

Wes aliogopa ndege. Alizuru Ulaya mara moja tu, masika ya 1965, na redio na televisheni za huko zikamrekodi karibu kila alipopita: Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani. Ndiyo maana mwaka huu mmoja una rekodi za magendo nyingi kuliko mingine yote, na ndipo mahali ambapo wageni hutapeliwa.

Chukua onyesho la Paris, Théâtre des Champs-Élysées, tarehe 27 Machi 1965. Wes yuko na Harold Mabern kwenye piano, Arthur Harper kwenye besi na Jimmy Lovelace kwenye ngoma, na Johnny Griffin anaingia na saksafoni. Lilirekodiwa na redio ya taifa ya Ufaransa. Kwa miaka mingi lilizunguka katika santuri na CD zenye majina kama Solitude, Impressions au Live in Paris, zikiwa zimepangwa nyimbo kwa mpangilio tofauti tofauti. Mtu akinunua tatu kati ya hizo anadhani ana maonyesho matatu. Ana moja. Toleo la Resonance la 2018 limetoka kwenye kanda za asili na familia imelipwa, kwa hiyo sioni sababu ya kununua mengine isipokuwa unakusanya majalada yenyewe.

Kwa televisheni, tafuta ile DVD ya mfululizo wa Jazz Icons iitwayo Live in '65. Ina Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza, na sehemu ya Uholanzi inamwonyesha akiwaelekeza wenzake wimbo, jambo ambalo santuri haikupi. Kikao cha studio ya redio ya NDR mjini Hamburg nacho kimetolewa rasmi, baada ya kuzunguka mikononi mwa watu kwa miongo kadhaa.

Unapokutana na toleo usilolijua la 1965, fanya hivi: andika majina ya wanamuziki, linganisha na jedwali, kisha sikiliza dakika mbili za katikati ya solo sambamba na toleo ulilonalo. Mwanzo wa wimbo hufanana usiku hadi usiku. Solo hazifanani kamwe. Noti zikiwa zile zile na makofi yakija mahali pale pale, ni kikao kile kile hata jalada liseme nini.

Mwaka huo huo una mtego mwingine wa aina yake. Albamu ya Smokin' at the Half Note ina nyimbo mbili tu za klabuni. Zile tatu za upande wa pili zilirekodiwa studio kwa mhandisi wa sauti Rudy Van Gelder Septemba 1965. Nyimbo nyingine za klabuni Verve ilizitoa baada ya Wes kufariki, kwa jina Willow Weep for Me, zikiwa zimebandikwa ala za kupuliza ambazo hazikuwapo usiku ule. Baadaye, miaka ya 1970, zikatolewa tena bila nyongeza hizo kwenye The Small Group Recordings. Kwa hiyo wimbo mmoja, teki moja, una sura mbili. Andika sura zote mbili kwenye jedwali, na ukinunua, uliza ni ipi.

Hatua ya 6: Jifunze kuisoma santuri kabla ya kulipa

Muuzaji akisema "chapa ya kwanza", omba picha tatu: kibandiko cha upande wa kwanza, kibandiko cha upande wa pili, na ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na kibandiko, ambako namba za chapa zimekwaruzwa. Asiyetaka kutuma picha hizo, muache.

Kwa Riverside angalia:

a) Namba ya toleo. The Incredible Jazz Guitar ni RLP 12-320 kwa mono na RLP 1169 kwa stereo. Full House ni RLP 434 kwa mono na 9434 kwa stereo.
b) Rangi ya kibandiko. Mono za mwanzo zina kibandiko cha bluu chenye picha ya kanda na maikrofoni. Stereo za mwanzo zina cheusi.
c) Jina la kampuni chini ya kibandiko. Bill Grauer Productions ni la awali. Grauer alifariki Desemba 1963 na kampuni ikafilisika 1964. Ukiona Orpheum Productions, santuri imechapwa baada ya hapo.
d) Namba inayoanza na OJC, kwa mfano OJC-036. Hiyo ni chapa ya miaka ya 1980 na kuendelea. Ni santuri nzuri na ninaipendekeza kwa anayeanza, lakini isiuzwe kama ya 1960.

Kwenye baadhi ya santuri za Verve utakuta muhuri VAN GELDER kwenye ile sehemu tupu. Muhuri huo unaonyesha nani alikata bamba la kuchapia. Peke yake hauthibitishi kwamba ni chapa ya kwanza.

Jihadhari na santuri mpya nzito za bei nafuu kutoka Ulaya. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini haukurudisha zile ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha, yaani zilizotolewa hadi 1962. Sehemu kubwa ya Riverside ikabaki wazi huko. Kampuni yoyote inaweza kuchukua CD, kuichapa kwenye santuri ya gramu 180 na kuiuza. Uzito si ubora. Kama maelezo hayasemi kanda iliyotumika ni ipi, chukulia kwamba ni CD.

Hatua ya 7: Nunua, na isafirishe salama

Alama za hali ya santuri zinachanganya. Kwa ufupi: NM ni karibu mpya, VG+ ina mikwaruzo midogo isiyosikika sana, VG inasikika mikwaruzo wakati gitaa liko peke yake, na G, ingawa ni kifupi cha neno linalomaanisha nzuri, ni santuri iliyochoka. Kwa gitaa la jazi usishuke chini ya VG+ isipokuwa kitu chenyewe hakipatikani kabisa, kwa sababu Wes hupiga kwa utulivu mwingi na kila mkwaruzo unajitokeza. Kabla ya kutoa bei, tazama historia ya mauzo kwenye Discogs na ufuate bei ya kati, si ya juu kabisa.

Mwambie muuzaji atoe santuri nje ya jalada lake, aifunge kwenye karatasi yake ya ndani, aweke zote mbili kati ya kadibodi ngumu mbili. Santuri ikisafiri ndani ya jalada hulipasua mshono. Ukiagiza kutoka Marekani au Japani kuja Afrika Mashariki, nunua kadhaa kwa muuzaji mmoja, maana nauli ya santuri nne haizidi sana ya moja. Weka akilini kwamba VAT, 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri, na forodha ina mengine yake. Usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo: kifurushi kikipotea, utalipwa hiyo hiyo ya uongo.

Hatua ya 8: Isafishe kabla ya kuipiga hata mara moja

Vumbi la miaka 60 likisagwa na sindano halitoki tena. Ondoa vumbi kwa brashi kavu. Lowesha kitambaa laini kwa maji yaliyotoneshwa yenye tone la sabuni isiyo na manukato, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kisha suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu. Kibandiko kisilowe. Iache ikauke imesimama kivulini.

Onyo kubwa: santuri za zamani za mizunguko 78, kama zile za enzi za Hampton, zimetengenezwa kwa lakki. Spiriti huiyeyusha. Maji kidogo tu, na haraka. Tena zinahitaji sindano yake nene. Sindano ya LP, yaani santuri ndefu za kawaida, itazama chini ya mfereji na kukupa kelele tupu.

Hatua ya 9: Hamishia kwenye kompyuta mara moja, vizuri

Rekodi kwa biti 24 na kHz 96, hifadhi kama WAV au FLAC, aina za faili zisizopoteza sauti. Weka kiwango cha sauti ili kilele kisifike sifuri. Acha nafasi ya desibeli 6 hivi. Hifadhi nakala ghafi kwanza, ndipo ufanye usafi kwenye nakala ya pili. Punguza milio mikubwa mmoja mmoja. Usitumie kichujio cha kuondoa mvumo wote: kitaondoa na ile pumzi ya dole gumba juu ya waya, na hiyo ndiyo uliyoifuata.

Faili ipe jina linaloanza na tarehe, mwaka mbele: 1965-03-27 Paris. Ndani ya folda weka maandishi mafupi yanayoeleza chanzo ni nini na kimepita mikono gani. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu au rafiki unayemwamini.

Ukipokea rekodi kwa kubadilishana na mtu, ipime. Ifungue kwenye Audacity kwa mwonekano wa spektra. Faili ya FLAC ambayo sauti yake imekatwa kama kwa panga karibu na kHz 16 huenda ilikuwa MP3, yaani faili iliyobanwa ikapoteza sauti, kisha ikageuzwa kuwa FLAC. Lakini linganisha na rekodi nyingine za chanzo hicho hicho kabla ya kumlaumu mtu, kwa sababu matangazo ya FM nayo huishia karibu na hapo. Na usisambaze kilichokwisha kutolewa rasmi. Familia ya Wes bado ina haki zake.

Hatua ya 10: Tunza

Simamisha santuri wima, zisibanane wala kulala upande. Pwani, adui ni unyevu: karatasi za ndani za zamani hushika ukungu haraka, kwa hiyo zibadilishe kwa za plastiki laini zinazofaa santuri, na tia pakiti za kukausha kwenye kabati. Usizibandike ukutani unaopigwa na jua la mchana. Bara, kwenye vumbi jekundu, funika mashine kila unapomaliza.

Ukikwama

Sindano inaruka mahali pamoja. Safisha tena, kisha angalia uzito wa mkono. Katriji nyingi za kawaida, yaani kile kipande kinachobeba sindano, hutaka karibu gramu 2, lakini fuata maelekezo ya iliyotengeneza yako. Usiweke sarafu juu ya kichwa cha mkono.

Gitaa linasikika upande mmoja tu. Kwenye stereo za mapema za Riverside hilo linaweza kuwa ndivyo lilivyochanganywa. Jaribu santuri nyingine. Ikiwa nayo ni hivyo, kagua waya za katriji.

Santuri ya mono ina kelele nyingi kuliko unavyotarajia. Unganisha chaneli mbili kuwa moja, kwa kitufe cha mono kwenye amplifaya au ndani ya Audacity. Kelele nyingi za mfereji hupungua papo hapo.

Wimbo unasikika wa haraka na gitaa ni jembamba. Kanda imeenda mbio wakati wa kunakiliwa. Chukua gitaa lako: Wes hupiga Impressions katika D minor na Four on Six katika G minor. Ukikuta Impressions imepanda nusu toni, punguza kasi kwa karibu 6% na usikilize tena.

Santuri imepinda. Iweke kati ya vioo viwili bapa vyenye uzito juu, chumbani kusiko na jua, kwa wiki kadhaa. Usiipashe moto.

Kuna ukungu. Mpeleke mgonjwa mbali na wenzake kwanza, yaani toa santuri hiyo kabatini, tupa karatasi ya ndani, safisha kama hatua ya 8 mara mbili. Jalada lifute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba huku umefunika pua.

Muuzaji ametuma chapa isiyo ile uliyolipia. Piga picha zile tatu za hatua ya 6 siku hiyo hiyo, zitume pamoja na tangazo lake la mauzo, na usiipige santuri mpaka mmeelewana.

Vyanzo viwili vinatoa tarehe tofauti kwa kikao kimoja. Andika zote mbili, weka alama ya kuuliza, halafu rudi kwenye besi na ngoma. Wes alizunguka na wapiga besi tofauti katika miaka tofauti, na mara nyingi mpiga besi ndiye anayekata shauri ambalo karatasi zimeshindwa kulikata. Ikishindikana, alama ya kuuliza ibaki palepale mpaka kanda ya asili ipatikane.